Kengele ya upepo wa tairi: nimekaa nayo baridi yote hapa Mbeya

Wadau, karibuni. Niko Uyole, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnaona mvuke unavyonitoka mdomoni. Nimewaamsha makusudi, maana hiki kidude cha kukuonya upepo wa tairi ukipungua, ukikipima saa nane mchana hutakijua.

Jana mchana nilijaza upepo PSI 33 (PSI ndiyo kipimo cha upepo) matairi yote. Sasa soma na mimi kwenye skrini yake: 30, 30, 31, 30. Hakuna pancha hapo. Hewa ikipoa inasinyaa. Kila nyuzi joto 6 hivi za Selsiasi zikishuka, PSI moja imekwenda. Wiki ya kwanza niliitega kengele ilie kwenye 30, basi kila alfajiri tii-tii-tii, nami mbio kwa fundi pancha. Alinicheka, lakini hela alichukua. Siku hizi najaza asubuhi tairi likiwa la baridi, kengele nimeitega 28. Kimya.

Hii ni ya kufunga kwenye valvu kama kifuniko. Za kiwandani sensa inakaa ndani ya rimu, na Marekani zimekuwa lazima kwa magari madogo mapya tangu 2007. Ila kiwango chao ni taa kuwaka upepo ukipungua asilimia 25. Kwa 33 zako, mpaka ushuke kwenye 25 hivi! Na gari zetu nyingi za Japani hazina kabisa.

Iliponilipa ni mteremko wa Tukuyu. Tairi la nyuma kushoto: 31, 29, 27, taratibu, na kwenye usukani husikii kitu. Msumari. Nikatafuta pa kuegesha, nikafunga spea, badala ya kwenda kuligundua konani huku lori la ndizi linapanda.

Sasa lawama. Hiki kifuniko kinabonyeza sindano ya valvu muda wote ili kisome. Mpira wake wa ndani ukichakaa, mlinzi anageuka mwizi: chenyewe ndicho kinavujisha. Changu kimoja kilifanya hivyo, nikakikamata kwa povu la sabuni. Wezi wa kweli nao wanakifungua kwa vidole, kwa hiyo usisahau kukaza nati yake ya chini. Wenye sensa za ndani, mwambieni fundi kabla hajaingiza chuma cha kutolea tairi, ataivunja. Na betri yake ikifa unanunua sensa nzima. Hii yangu inatumia betri ya duara, nabadili mwenyewe.

Ukizungukia Soweto na Mwanjelwa tu hapa mjini, geji ya mkononi inakutosha. Unayeshuka mlima Kitonga na familia, nunua, lakini geji usiitupe. Ngoja nipime mbele yenu, mbele kulia... skrini inasema 30. Geji, 29.