Famasi ya kando ya stendi, Tabata, Dar es Salaam: nenda kabla ya saa 11 jioni

Famasi hii ya rejareja hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Mfamasia msimamizi huwepo mpaka saa 11 jioni. Tathmini yetu inagawanyika hapohapo, maana huduma ya mchana na ya usiku hazifanani hata kidogo.

Sheria ya Famasi ya 2011 inamruhusu mtu asiye mfamasia kumiliki famasi. Utoaji wa dawa, hata hivyo, lazima uwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi. Kwa hiyo mwenye duka ana mtaji wake, lakini dawa ikitoka vibaya atakayeitwa kujieleza mbele ya Baraza ni msimamizi, na Baraza lina uwezo wa kumwondoa kwenye rejista. Ukiingia famasi yoyote, soma vyeti ukutani: usajili wa jengo, kibali cha biashara cha mwaka huu, na jina la mfamasia. Kisha mwulizie mwenye jina hilo. Hapa ukiuliza mchana, anainuka kwenye kiti nyuma ya kaunta. Ziko famasi ambazo jina hilo ni la mtu aliyekodisha cheti na anayeonekana siku ya ukaguzi tu.

Friji ndiyo iliyotufurahisha zaidi. Ina kipimajoto ndani, na mlangoni imebandikwa karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni. Nyuzi zote za mwezi zilikuwa kati ya 2 na 8. Insulini imewekwa katikati ya rafu, mbali na mlango na mbali na ukuta wa nyuma unaoshika barafu. Wengi hukosea hapo. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ile ya aina yenye weupe kama maziwa hufanya mabonge yasiyoyeyuka hata ukizungusha kichupa viganjani, na mgonjwa atajichoma dozi yake ileile huku sukari ikipanda. Hakuna soda wala chakula cha wafanyakazi humo ndani. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, dawa huhamishiwa kwenye kisanduku chenye barafu, na kitambaa kizito huwekwa katikati ili vichupa visiguse barafu. Anayenunua anaambiwa aandike tarehe ya kufungua kwenye kichupa na asikitumie baada ya siku 28.

Kabati la DDA, yaani la dawa zinazodhibitiwa kisheria kwa sababu zinaweza kulevya, lina kufuli, na ufunguo anao mfamasia. Kwenye rejista, kinachoingia kimeandikwa tarehe, muuzaji na idadi. Kinachotoka kina jina la mgonjwa, jina la daktari, idadi na salio. Salio la kitabuni lazima lilingane na vidonge vilivyomo kabatini. Kikipungua hata kimoja, maelezo yanatafutwa siku hiyohiyo.

Mzee mmoja alikuja kuomba diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, bila cheti.

"Shikamoo mzee. Hii siwezi kukupa bila cheti cha daktari. Umekuwa ukiitumia tangu lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu mwaka jana, kila usiku."

Swali hilo ndilo linalotenganisha mfamasia na muuzaji. Aliyetumia diazepamu kila usiku kwa mwaka mzima akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Mfamasia alimwandikia barua fupi, akamwelekeza kituo cha afya cha karibu siku hiyohiyo ili daktari ampangie namna ya kuipunguza. Kukataa peke yake kungempeleka mzee duka la pili.

Dawa za watoto nazo zinatolewa kwa uangalifu. Amoksilini ya unga inachanganywa palepale kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yaliyopimwa kwa chombo chenye alama, na tarehe ya mwisho, siku 7 baadaye, inaandikwa kwenye chupa. Mtoto anapimwa uzito kwanza. Wa kilo 12 aliyeandikiwa parasetamoli ya miligramu 120 kwa mililita 5 alipewa mililita 7.5, yaani miligramu 15 kwa kila kilo, pamoja na bomba la kupimia. Kijiko cha nyumbani hakiaminiki. Lebo ina jina la mtoto, dawa, kipimo na tarehe.

Dawa zilizoisha muda zipo kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa "HAZIUZWI", na orodha yake iko juu. Haziendi jalalani, uteketezaji wake hupitia TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ankara za manunuzi zina namba za bechi, kwa hiyo agizo la kurudisha dawa likija wanajua watafute nini.

Sasa usiku. Mfamasia akiondoka wanabaki wauzaji wawili wenye koti jeupe. Ufunguo wa DDA unaondoka naye, na hilo ni sahihi, lakini antibayotiki zimebaki rafuni. Tulimwona mteja mwenye shilingi 2,000 akihesabiwa vidonge sita vya amoksilini kwenye bahasha ya kaki isiyo na maandishi: bila cheti, bila swali la mzio wa penisilini, dozi haijafika hata nusu. Mwingine aliuziwa dawa mseto ya malaria bila kuulizwa kama amepima. Akaambiwa "nne asubuhi, nne jioni", basi. Mtu mzima wa kilo 35 au zaidi anamaliza vidonge 24 kwa siku 3, lakini dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, kisha zinazofuata ni asubuhi na jioni, siku ya pili na ya tatu, na zote zimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Asipoambiwa hayo, dawa inaingia mwilini pungufu na homa inaweza kurudi.

Wauzaji hao hawana ubaya wa moyo; wameachiwa kazi isiyo yao. Mmiliki aajiri mfamasia wa zamu ya pili, au afunge saa 11. Mpaka hapo, insulini, dawa za watoto na chochote cha cheti vifuate mchana. Usiku nunua sabuni, bendeji na ORS (unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha).