Kupeleka watoto meno hapa Mbeya, uzoefu wangu sehemu mbili tofauti

Mwaka jana nilihangaika sana kuuliza watu nimpeleke wapi binti yangu, kila mtu ananijibu achana nalo hilo ni jino la utoto litatoka lenyewe. Alikuwa na miaka 5, gego la chini limetoboka, anatafunia upande mmoja na usiku halali. Bibi yake kule Tukuyu akasema tuweke karafuu, tukaweka, siku mbili akatulia, ya tatu fizi ikatoka kajipu.

Sehemu ya kwanza siitaji. Foleni toka saa mbili asubuhi hadi saa saba, mtoto ana njaa na usingizi, tunaingia hata salamu hakuna, manesi wawili wakamshika mikono na miguu akapigwa sindano ya ganzi na mimi nikaambiwa mama toka nje. Nikatoka. Inaniuma mpaka leo, ningebaki. Jino liling'olewa ndio, ila hakuna aliyeniambia kwamba mtoto akiwa na ganzi anaweza kujitafuna mdomo asisikie, kwenye bajaji mimi nashukuru katulia kumbe anajing'ata, tunafika nyumbani Uyole mdomo wa chini umevimba unatoka damu. Toka hapo mswaki hataki, akiona koti jeupe anaingia nyuma ya kitenge changu.

Baada ya miezi minne gego lingine likaanza weusi. Dada mmoja ninayeuza naye nguo Mwanjelwa akanielekeza kwa dokta wa kike ana kliniki ndogo ghorofani. Nikapiga simu nikamweleza yote, akasema mlete asubuhi akiwa ameshakunywa chai, siku ya kwanza sifanyi kitu nahesabu meno tu, na usimwambie haitauma, ukishataja kuuma ndio umempa cha kuogopa.

Na kweli jamani. Kwenye kiti nilikaa mimi, mtoto mapajani. Dokta akampa kile kioo kidogo cha mkono mrefu akishike mwenyewe, akaangalia pua yake akacheka. Halafu akampulizia upepo wa mashine kwenye kucha ya kidole gumba, akamuuliza baridi hii ya wapi, mtoto akajibu ya Uyole. Wakahesabu kwa sauti mpaka 19, yanatakiwa 20 lakini moja lilishaondoka. Basi, tukaenda nyumbani. Nililipa elfu kumi na usiku ule ule alichukua mswaki bila kuambiwa.

Wiki iliyofuata akazibwa lile gego. Dokta alimwambia ukitaka tupumzike nyoosha mkono, akanyoosha mara tatu na mara zote tatu dokta alisimamisha mashine. Mimi machozi yalinitoka pale pale. Elfu thelathini na tano, mpaka leo haijabanduka.

Huyu dokta anaelekeza hasa. Kumbe magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, yakitoka mapema ya jirani yanasogea na la ukubwani linakosa nafasi. Na kwenye miaka 6 hivi gego la ukubwani linaota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, sisi tunadhani nalo la utoto tunaliacha linaoza. Kilichomharibia wangu ni chupa ya uji wa sukari aliyokuwa analala nayo mdomoni. Mdogo wake sasa usiku ni maji tu, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele.

Nilimuuliza pia kuhusu meno ya plastiki, yale watu wanayodai yako kwenye fizi za mtoto na ndiyo yanaleta kuharisha na homa, maana huyu mdogo alipoharisha na homa jirani alishaniambia nikamkate fizi. Akafungua mdomo wa mtoto akanionyesha fizi, ni meno ya kawaida hayajatoka, ukikata unaua jino na unaleta maambukizi huku mtoto anaishiwa maji kwa kuharisha. Mama mwenzangu ukiambiwa ukamkate mtoto fizi kimbia hospitali, tafadhali sana.

Kasoro ni kwamba bima hawapokei, ngazi ni kali ukiwa na mtoto mgongoni, na Jumamosi bila kupiga simu hupati nafasi.

Mdogo mtu nilimpeleka mwezi wa sita, mwaka mmoja na miezi minane, haumwi chochote. Dakika tano tu akamaliza, kioo alishikiwa na dada yake.