Transfoma ya kushushia umeme kwa ovaloki ya Kijapani: uzoefu wangu Moshi

Ovaloki yangu, ile cherehani ya kumalizia kingo za nguo, ni mtumba kutoka Japani. Kibandiko cha nyuma kinasema volti 100, hezi 50/60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wati 105. Umeme wetu ni volti 230, hivyo ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiunguza. Nikazunguka maduka ya umeme hapa Moshi mjini hadi nikapata transfoma ya wati 1000 yenye matundu mawili ya kutolea, la 110 na la 100. Ilinitoka laki moja na ushei.

Hilo tundu la 100 ndilo nililolilipia, na sijuti. Transfoma nyingi madukani ni za 220 kwa 110, zimelenga vitu vya Marekani. Sasa, transfoma ya kawaida haichagui volti, inagawa tu kinachoingia. Ikiingia 230 inatoka 115. Umeme ukipanda hadi 240 inatoka 120. Kifaa cha Marekani hakina neno na hapo, ndiyo saizi yake. Cha Kijapani kinaumia. Chukua pasi ya volti 100: ukiipa 115 inavuta umeme karibu theluthi moja zaidi ya ilivyoundiwa. Kwenye tundu langu la 100 fundi alipima, mita ikasoma 104. Ovaloki inashona siku nzima na mota haitoi harufu.

Mbona wati 1000 kwa mashine ya 105? Mota ikianza huvuta zaidi ya kilichoandikwa. Halafu mimi namba za kwenye maboksi siziamini. Kuna duka nilionyeshwa transfoma ya "wati 2000", nikainyanyua kama pakiti ya sukari. Wati nyingi zinataka chuma na shaba nyingi ndani, kwa hiyo ishike kwanza mkononi, bei mtaongea baadaye.

Kero zipo. Inanguruma, mteja akiingia lazima aulize ni nini. Ikibaki imewashwa bila kazi inapata joto na kula LUKU kidogo kidogo, kwa hiyo jioni naizima ukutani. Tundu la kutolea ni la pini mbili bapa, halina ethi, yaani waya wa usalama wa kwenda ardhini. Waya wake ni mfupi mno, nimelazimika kuiweka chini karibu na vumbi la vitambaa, jambo nisilolipenda hata kidogo.

Wifi yangu aliletewa hendi drai ya Marekani, wati 1875, akaja nayo aichomeke hapa. Nikamkatalia. Ya kwake inahitaji transfoma ya wati 3000 hivi, na kwa bei hiyo si bora anunue tu hendi drai ya 230 mjini? Chaja za simu na laptopu ndizo zisizohitaji kitu: soma kibandiko, nyingi zimeandikwa 100–240, tafuta adapta ya plagi basi.

Angalizo kwa wanaowinda maikrowevu za mtumba wa Japani: nyingine zimeandikwa hezi 60 peke yake. Transfoma inabadili volti, hezi haizigusi, na hapa kwetu ni 50. Hizo ziache huko huko sokoni. Ovaloki yangu ina mota ya brashi za kaboni, haijali hezi.

Naipa nyota nne. Ya tano imeliwa na huo waya.