Uzoefu wangu na Anki nikijiandaa kurudia MCAT: wapi imenibeba na wapi haikunisaidia kitu

Nimetumia Anki miezi mitano na nusu nikijiandaa kurudia MCAT, ule mtihani wa kuombea kuingia vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada. Pepa ya kwanza nilipata 498, ya pili nikapata 510, na tangu matokeo yatoke watu wananiuliza inboksi kama hii programu ndo imenipandisha hizo maksi 12. Jibu langu linategemea unaulizia sekshoni gani, manake kuna sehemu imenibeba kabisa na kuna sehemu haikugusa chochote, na nadhani mtu anayetaka kurisiti anastahili kujua tofauti hiyo kabla hajaanza kuamka saa kumi alfajiri kupiga kadi.

Kwa asiyeijua, Anki ni programu ya kadi za maswali, unaona swali, unajibu kichwani, unageuza kadi, halafu unabonyeza kitufe kuiambia ulikumbuka kwa kiwango gani, na yenyewe inapanga siku ya kukuuliza tena, ukikosa inarudi mda huo huo ukipata inasogea siku kadhaa, baadae wiki, baadae miezi. Jina lenyewe ni neno la Kijapani lenye maana ya kukariri. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone unalipia mara moja, na kadi zako zinahama kati ya simu na kompyuta bila gharama. Hayo ndo ya muhimu upande wa programu yenyewe.

Sasa tatizo langu mara ya kwanza. Nilipiga msuli kweli, hakuna siku nilicheza, lakini usomaji wangu wote ulikuwa kusoma kitabu, kupiga mistari ya rangi, kuandika noti, kurudia noti. Ukisoma ukurasa mara ya tatu kila sentensi unaifahamu kwahiyo unaamini umeiva. Ndani ya chumba cha mtihani nikawa naona mada naijua, nakumbuka hadi ilikuwa upande gani wa ukurasa, ila jibu lenyewe halitoki. Baadae nikaja kusoma kuhusu jaribio la Roediger na Karpicke la 2006, wanafunzi waliorudia kusoma maandishi walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wanajipima wenyewe ndo walikumbuka zaidi. Nilivyosoma hiyo niliumia moyo manake ilikuwa ni mimi kabisa, mwaka mzima nimekuwa nikijipima baada ya dakika tano.

Kabla ya kujiandikisha tena nilikaa chini kwanza. MCAT unaruhusiwa kufanya mara 3 ndani ya mwaka mmoja, mara 4 ndani ya miaka miwili mfululizo, na mara 7 maisha yako yote, na hata ukiamua siku ile ile kufuta mtihani wako usisahihishwe bado inahesabika umefanya. Na ukituma maombi vyuo vinaona matokeo yako yote, huchagui yale mazuri tu. Kwahiyo kurudia sio kitu cha kukurupukia kwasababu una hasira na matokeo. Nikajipa miezi.

Mwezi wa kwanza na Anki niliuharibu mwenyewe. Nilishusha deki kubwa iliyotengenezwa na watu wengine, maelfu ya kadi, nikaona kadi mpya 20 kwa siku ambazo programu inakuwekea mwanzoni ni chache mno kwa mtu mwenye haraka kama mimi, nikaweka 100. Wiki ya kwanza raha tupu. Ila kila kadi mpya inazaa marudio ya kesho na keshokutwa na wiki ijayo, ilipofika wiki ya tatu nilikuwa na kadi zaidi ya 700 zinanisubiri kila asubuhi, nikawa nabonyeza tu ili ziishe, nikaumwa siku mbili nikarudi nikakuta mlima, na kibaya zaidi nilikuwa nikisahau kadi nabonyeza kitufe cha "ngumu" badala ya kile cha kuanza upya coz kuanza upya kulikuwa kunaniuma. Hiki kitufe watu wengi wanakosea. "Ngumu" maana yake umekumbuka ila kwa shida, sio umesahau, ukikitumia kwa kadi uliyosahau unaidanganya programu nayo inaisogeza mbele kadi ambayo hujui. Nusu ya deki yangu ikawa imeoza namna hiyo.

Nikasimamisha kadi zote. Zote kabisa. Halafu nikawa nafungulia kadi za sura moja tu baada ya kuisoma na kuielewa, kadi mpya zisizidi 30 kwa siku, na nikaanza kutengeneza za kwangu kutoka kwenye maswali niliyokosa. Hapo ndo mambo yalibadilika.

Nitoe mfano ili nieleweke. Kwenye vimeng'enya kulikuwa na kadi inauliza kizuizi shindani (kile kinachogombania nafasi kwenye kimeng'enya) kinafanya nini kwa Km, yaani kiasi cha malighafi kinachohitajika kimeng'enya kifike nusu ya kasi yake, na Vmax, yaani kasi yake ya juu kabisa, najibu ndani ya sekunde mbili, Km inapanda Vmax inabaki pale pale, hongera. Nikaja kukutana na swali la mazoezi lina grafu ya Lineweaver-Burk, ile inayochora kasi ya kimeng'enya kama mstari ulionyooka, mistari miwili inakutana kwenye mhimili wa wima, linauliza hiki ni kizuizi cha aina gani. Nikakosa. Yaani kitu nilichokijibu kwenye kadi mara kumi na tano nimekikosa kwasababu kimekuja kimevaa nguo nyingine! Kadi ilikuwa imenifundisha kuitambua kadi, sio kuijua mada. Basi nikatengeneza kadi ya picha ya grafu bila maneno, nieleze mwenyewe kwanini mistari inakutana pale: namba ya pale juu ya mhimili ni moja gawanya kwa Vmax, kama Vmax haijabadilika lazima mistari yote ipite hapo hapo. Na nyingine ya kizuizi kisicho shindani ambapo mistari inakutana kwenye mhimili wa ulalo, kwasababu safari hii Km ndo haijabadilika. Kadi mbili hizo zimenisaidia kuliko hamsini za kushusha.

Saikolojia na sosholojia ndo sekshoni Anki imenilipa zaidi, nilitoka 123 nikafika 129. Ile sekshoni ina maneno mengi yanayofanana fanana, mfano kuna kuimarisha tabia kwa kuondoa kero, halafu kuna adhabu, watu wanachanganya kila siku, ya kwanza inaongeza tabia ya pili inaipunguza, sasa ukiulizwa hivyo vitu viwili kila baada ya siku kadhaa kwa miezi mitano vinakaa. Baiokemia pia, zile amino asidi 20 na muundo wake na chaji yake, hizo hakuna njia nyingine, lazima ziwe kichwani, na kadi ndo sehemu yake.

Fizikia na kemia kidogo tu. Fomula zinakaa lakini kuitumia fomula bila kikokotoo, na MCAT hawakupi kikokotoo, hiyo ni kukaa na karatasi na kusolvu mpaka mkono uzoee kukadiria.

CARS, ile sekshoni ya kusoma vifungu na kuvichambua, sifuri. Naomba mnielewe hapa manake nimeona watu wanatafuta deki ya CARS. Ni vifungu 9, maswali 53, dakika 90, na kila unachohitaji kiko ndani ya kifungu chenyewe, hakuna cha kukariri. Nilichofanya ni vifungu viwili kila siku nikijipima muda, dakika kumi kila kimoja, halafu nakaa muda mrefu zaidi kwenye nilichokosa, najiuliza ni sentensi gani kwenye kifungu ilikuwa inanipa jibu na mimi nikaipita. Nilipanda maksi 2 tu hapo, na Anki haina mchango hata kidogo.

Ratiba yangu mwishoni ilikuwa kadi asubuhi kwenye simu kwa muda wa saa moja na nusu, ukizidi naacha, halafu maswali mpaka jioni, na mitihani kamili ya mazoezi ya AAMC wenyewe, yaani wale wanaotunga MCAT, niliitunza wiki sita za mwisho, moja kila Jumamosi saa ile ile ya mtihani, Jumapili nzima kupitia makosa. Wiki nne za mwisho kadi mpya niliweka sifuri, marudio tu.

Ningeulizwa nitoe nyota ningetoa nne, ile ya tano nimeibakisha kwasababu ya mpangilio, unachukua muda kuuzoea na mwanzoni hakuna anayekuonyesha namba zipi uzibadilishe na zipi uziache. Mtu mwenye miezi minne na zaidi aanze nayo leo. Aliyebakiza wiki sita asiguse deki kubwa ya watu, achukue benki ya maswali, na atengeneze kadi za makosa yake tu, hata zikiwa kumi kwa siku zinatosha.