Kadi ya kijivu kwa picha za sura: uzoefu wangu

Ninayotumia ni ya plastiki, haing'ai, na huakisi asilimia 18 ya mwanga. Kwa mpiga picha za sura ningeipendekeza kabla ya lenzi mpya.

Kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga na ngozi hupauka. Msimamishe mtu huyohuyo mbele ya ukuta mweupe, kamera itaufuata ukuta na uso utazama gizani. Kadi huondoa tatizo hilo: naiweka usawa wa uso, naiinamisha kati ya upande wa mwanga na lenzi, kamera ipime sehemu ndogo ya katikati tu, kisha nafunga vipimo kwenye M, yaani hali ya kamera ya kuweka vipimo kwa mkono. Kadi ikimeta kidogo tu, kipimo hudanganyika na picha hutoka nyeusi.

Hata hivyo, histogramu ya rangi tatu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha kiasi cha mwanga kwa nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, bado ni ya lazima. Kwenye ngozi, nyekundu ndiyo hujaa kwanza (hufika kikomo na kupoteza maelezo), hata histogramu ya jumla ikionekana salama, na ikijaa, paji la uso hugeuka manjano lisilorekebishika vizuri. Napunguza theluthi moja ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza mara mbili), napiga tena.

Kwa rangi, napiga picha moja yenye kadi katika RAW, faili ghafi la kamera. Ndani ya darktable au RawTherapee, programu za kuhariri picha, nabofya kadi kwa zana ya uwiano wa rangi nyeupe, kisha nanakili mpangilio kwa picha zote za mwanga uleule. Msitumie karatasi ya printa badala yake! Nyingi zina kemikali za kung'arisha zinazotoa ubuluu, na programu ikijaribu kuuondoa, ngozi inakuwa ya manjano. JPEG, faili la picha lililobanwa, nayo ina biti 8 tu kwa kila rangi. Ukibadilisha rangi zake sana, mashavu yanatoka mabakamabaka.

Udhaifu wake ni mwanga mchanganyiko. Dirisha la kama 5500 K (Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) na balbu ya 3000 K huacha shavu moja la buluu na jingine la chungwa, na kadi hurekebisha upande mmoja tu. Zima balbu. Kadi pia huondoa rangi ya joto ya jua la machweo, hivyo baada ya kubofya kadi naongeza Kelvini 300 hadi 500 kwenye programu, kwa kuangalia ngozi yenyewe.