Jiko la gesi la plate mbili lenye sensa, uzoefu wangu wa miezi minane

Nimekaa nalo miezi minane ndo naona sasa naweza kuliongelea. Ni lile la kuweka mezani, plate mbili, juu kioo, linajiwasha bila kiberiti, nililichukua Kariakoo kwa laki na arobaini. Yapo ya bei ya chini yanafanana nalo kabisa, tofauti ni kale kasindano kanakosimama pembeni ya moto. Sio kale keupe ka kutoa cheche, hako yote yanako, nasemea kale kengine ka chuma. Ndo sensa yenyewe. Moto ukizimika kanapoa, na kakishapoa gesi inajifunga.

Mwanzoni kalinikera sijui niseme nini. Unabonyeza unazungusha, moto unawaka vizuri, ukiachia tu unazima. Mama alivyokuja kutoka Tanga akajaribu mara mbili akaniambia mwanangu hapa umeuziwa jiko bovu, akaenda kuwasha mkaa. Kumbe inabidi uendelee kubonyeza kama sekunde nne tano mpaka kale kasindano kapate moto, ukishazoea wala huoni.

Faida yake niliiona siku ya maharage. Nimeyabandika nimeenda chumbani kupiga pasi, yamechemka yakafurika yakazima moto, narudi swichi bado iko wazi vilevile na harufu ya gesi hamna. Jiko langu la zamani lilishanifanyia hivyohivyo na nilikuta jikoni kote kunanuka gesi. Na gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi, inatambaa chini sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu fungua mlango na sio kadirisha ka juu peke yake, funga mtungi kama unaufikia salama, na taa usiwashe wala usizime maana cheche ya swichi inatosha.

Kilichoniudhi ni mpira wa kuleta gesi kutoka kwenye mtungi. Uliokuja kwenye boksi ni mgumu kama bomba la kumwagilia, klampu zenyewe za kubana kwa vidole. Nikafunga hivyohivyo kwa uvivu, afu jioni nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kama fundi mmoja alivyonifundisha, aisee pale kwenye regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi, pakaanza kuvimba kibofu taratiiibu kama mtoto anapuliza bigijii. Na harufu nilikuwa sijasikia kabisa! Nikaenda kununua mpira wa gesi wenyewe na klampu za skrubu, nikapaka povu tena, kimya. Usije ukajaribu kwa kiberiti tafadhali, kuna watu wanafanya.

Sasa hii ndo nataka msome wale mnaodhani jiko la sensa limemaliza kila kitu. Ramadhani iliyopita nilikuwa nakaanga sambusa, mafuta yako motoni, simu ikaita nikatoka kibarazani. Dakika chache tu. Narudi kikaango kinatoa moshi mwingi na kabla sijafika mafuta yakashika moto yenyewe, sio moto wa jiko, ni mafuta ndo yanawaka. Sensa hapo ifanye nini, inaona moto upo, kwake mambo safi. Mdogo wangu kashachota maji kwenye jagi, nikapiga kelele mpaka jirani akasikia, weka chini weka chini! Maana maji yakiingia kwenye mafuta ya vile yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Nikazima swichi, nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa nikausukuma kutokea upande wangu mpaka ukafunika chote. Kikaango sikukigusa. Kosa langu, baada ya dakika mbili nikafunua kuchungulia, moto ukarudi fuu! Nikafunika tena nikakiacha mpaka baada ya futari. Ungeshika pazia basi ningetoa watu nje na kupiga 114 zimamoto.

Tangu hapo mfuniko ule una msumari wake ukutani, mbali kidogo na jiko, na mafuta yakianza tu kutoa moshi nazima, simu iite mpaka ichoke.

Mengineyo, moto wake ni wa bluu, ukianza kuwa wa njano na kupaka sufuria masizi toa vile vifuniko vya bana, pale moto unapotokea, usugue vitundu kwa brashi, uache vikauke. Kioo sikiamini sana, sufuria la pilau la watu thelathini usiweke, joto linarudi chini kwenye kioo, hilo mimi napikia nje kwa mkaa.

Kwa jiko lenyewe natoa nyota nne. Ile ya tano imekwenda na mpira, maana mtu anayenunua jiko kwa mara ya kwanza ataufunga ule uliokuja nalo na hatapaka povu.