SkyBlock: kisiwa kimoja, mti mmoja na ndoo moja ya kugombania

Kisiwa chetu cha kwanza kwenye gemu ya Minecraft kilidumu kama dakika nne. Mdogo wangu alifungua sanduku, akaona ndoo ya lava, ule uji wa moto wa volkano, na kabla sijamaliza kusema “subiri kwanza” alikuwa ameshaimwaga pembeni mwa mti. Mti ukashika moto. Tulisimama tunautazama unavyoteketea, na hakuna aliyecheka, maana katika dunia ile nzima hakukuwa na mti mwingine. Tukafuta, tukaanza upya.

Kisiwa cha pili nilikiharibu mimi, kwa hiyo sina la kumsema.

Kwa asiyeijua, SkyBlock ni ramani, yaani dunia iliyokwisha kupangwa, ya Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku, iliyotengenezwa na mchezaji anayejiita Noobcrew. Aliitoa mwaka 2011, mwaka ule ule gemu yenyewe ilipotoka rasmi, na aliitoa bure. Ukiingia unajikuta umesimama juu ya kipande cha udongo chenye umbo la herufi L, kinaelea hewani. Pana mti mmoja na sanduku moja, ndani yake lava, barafu na vitu vingine vichache. Ukichungulia ukingoni, huko chini hakuna bahari wala ardhi, ni utupu mtupu. Ukianguka umekufa, na ulivyobeba vimekwenda jumla. Kwa mbali kinaonekana kisiwa cha mchanga, kidogo zaidi ya hicho ulichosimamia, na ukikitaka ujenge daraja kwa bloku zako mwenyewe. Dunia yote ni hiyo. Mdogo wangu ana miaka 13, kwa hiyo ramani hii imemzidi umri.

Tumeicheza likizo nzima ya Desemba hapa nyumbani Tanga, mimi kwenye laptopu yangu kuukuu na yeye kwenye ile aliyotumiwa na mjomba aliyeko Muscat. Nimecheza ramani nyingi za watu. Kuna za miji mizima yenye maghorofa na barabara za juu, kuna za mafumbo, kuna zile za kujirusha kutoka juu ukikwepa vizuizi. Nyingi zinachosha baada ya siku mbili. Hii imetushika wiki nne, na nadhani ni kwa sababu aliyeitengeneza alikuwa bahili kuliko wote.

Kuiweka si kazi, ila iwe ile aina ya Minecraft ya kompyuta inayoitwa Java. Unapakua faili, unalifungua, folda iliyomo unaitia ndani ya folda inayoitwa saves, ukiwasha gemu utaikuta kwenye orodha ya dunia zako. Faili lenyewe ni dogo, bando halikuumia, na liumie kwa lipi wakati karibu dunia yote ni hewa? Cha kuangalia ni toleo. Programu ya kuwashia Minecraft inakuruhusu kuweka matoleo ya zamani pembeni, basi cheza lile ramani ililotengenezewa. Sisi tulijifanya wajuaji tukaifungua kwa toleo jipya, gemu ikatuonya tuweke nakala kwanza, na hapo ndipo tuliposhtuka tukarudi nyuma.

Binamu yetu ana Minecraft kwenye simu na alikuja na simu yake imejaa chaji, akijua atacheza. Haikuwezekana. Ya simu ni aina nyingine, Bedrock, na Bedrock haisomi dunia za Java wala haiwezi kuingia humo. Kumnunulia ya kompyuta ni dola 29.99, ambazo kwa shilingi zinakaribia elfu 80, na hata kama tungekuwa nazo, kompyuta ya tatu tungeitoa wapi? Akawa kocha. Alikaa nyuma yetu kwenye kochi akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba, na nusu ya makosa yetu yalianzia kinywani mwake.

Sasa turudi kwenye ile lava. Ni moja tu. Lava inayotiririka ikikutana na maji inageuka jiwe; ukilivunja jiwe hilo kwa sururu lingine linazaliwa pale pale, na kwa hiyo ukishapanga maji upande huu na lava upande ule una machimbo yasiyoisha. Huo ndio moyo wa ramani. Lakini maji yakiikuta lava pale pale ulipoimwagia, chanzo chenyewe, inakuwa obsidiani, bloku nyeusi usiyoweza kuichukua bila sururu ya almasi. Almasi huna. Lava ndiyo imekwenda hivyo. Hilo ndilo nililofanya kwenye kisiwa cha pili, nikiwa nimetoka kumhubiria mwenzangu kuhusu umakini.

Barafu nayo ina vitimbi vyake. Ukiivunja huku chini yake hakuna kitu, hupati maji, inapotea tu. Lazima uiweke juu ya bloku nyingine kwanza. Ukichimba shimo la bloku mbili kwa mbili na kutia maji kwenye kona mbili zinazotazamana, unapata kisima kisichokauka hata ukichota mara mia. Kuchimba shimo kunakuachia bloku nne za udongo mkononi, na udongo kwenye SkyBlock ni dhahabu. Kwenye toleo tulilocheza hakuna pa kuupata mwingine. Nilimwona mdogo wangu, mtoto ambaye chumbani kwake huwezi kupita kwa nguo zilizotupwa chini, akihesabu udongo bloku moja moja na kuuficha sandukuni.

Kisiwa cha tatu ndicho kilichosimama. Tulikata mti kwanza, kwa utaratibu, kisha tukakaa chini ya majani kungoja miche. Majani ya mwaloni yanatoa mche kwa bahati ya asilimia 5, na mti mmoja hauna majani mengi. Yakaanza kupukutika. Hakuna. Hakuna. Binamu akaanza kutoa pole. Kwenye majani ya mwisho mwisho ukadondoka mche mmoja, ukadunda karibu kabisa na ukingo, na mimi nikaurukia bila kubonyeza Shift. Shift ndiyo kitufe kinachokuchuchumaza usianguke; kwenye ramani hii kidole chako cha mwisho kitaishi juu yake. Niliupata mche. Sikuanguka. Kelele tulizopiga zilimtoa Mama jikoni.

Mama aliuliza hii kazi ina faida gani. Nikamwambia kwamba UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, wale wa Nairobi, tangu 2012 wameshirikiana na watengenezaji wa Minecraft kwenye mpango unaoitwa Block by Block, wakazi wanakaa na gemu hii hii wanajenga mfano wa uwanja au bustani ya mtaa wao wanavyotaka iwe. Akatazama kile kipande chetu cha udongo kinachoelea. “Na nyinyi mnajengea mtaa upi hapo?” Akarudi jikoni.

Utamu wa ramani uko kwenye mnyororo wa vitu. Mfano ni mkate. Aliyetoa ramani ameweka orodha ya changamoto, na mojawapo ni kutengeneza mikate 10. Kwenye Minecraft ya kawaida hiyo ni kazi ya dakika chache. Hapa mkate mmoja unataka ngano tatu, ngano inataka mbegu, mbegu zinatoka kwenye majani marefu, na kisiwani hakuna hata jani moja refu. Majani unayaotesha kwa unga wa mifupa. Mifupa unaitoa kwa maiti wapiga mishale wanaojitokeza gizani. Lakini viumbe hao hawajitokezi ndani ya bloku 24 kutoka ulipo, na kisiwa chetu hakifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo ili ule mkate unalazimika kutengeneza mawe ya kutosha, ujenge njia nyembamba ya bloku 24 kwenda kwenye utupu, huko mwisho ujenge jukwaa, urudi, ungoje usiku, kisha uende kupigana ukingoni na mtu anayekupiga mishale ya kukusukuma nyuma. Changamoto ya hilo jukwaa nayo imo kwenye orodha, na sasa nimeelewa kwa nini. Hakuna mwongozo uliotuambia lolote kuhusu mfuatano huo. Tuliuvumbua wenyewe, kidogo kidogo, tukibishana, na siku ya tisa tukaoka mkate wa kwanza. Binamu alidai naye apewe.

Sheria nazo ni chache. Usijirushe. Usijenge daraja la kutokea nje ya eneo la ramani kwenda kwenye nchi kavu, maana mbali sana huko iko dunia ya kawaida. Ile ya kwanza mdogo wangu aliivunja kwa siri siku kadhaa: njaa ikimzidi anaweka vitu vyake sandukuni, anajitupa, anazaliwa upya akiwa ameshiba. Nilimgundua kwa sababu ya maandishi yanayotokea kila mtu anapokufa. “Niliteleza, Dada.” Ameteleza mara tano, na kila mara mifuko mitupu!

Ila SkyBlock haikutengenezwa kwa kuwafikiria wachezaji wawili, na inaonekana. Vitu vya kuanzia vinamtosha mtu mmoja. Saa ya kwanza mmoja anafanya kazi na mwingine anatazama, kwa sababu kuna mti mmoja, na ukishamwaga lava unabaki na ndoo moja. Ndoo ya pili inataka vipande vitatu vya chuma, na chuma hapo awali hakitoki popote isipokuwa kwa zombi, ambaye akiuawa hukidondosha mara chache mno. Tuliua zombi usiku baada ya usiku. Katikati hapo ramani inasuasua kweli. Changamoto zilizobaki ni za kukusanya tu, kumi ya hiki na ishirini ya kile, na ukishakuwa na machimbo na shamba unazimaliza kwa mazoea. Nether, ile dunia ya kuzimu ya gemu, hatukufika. Mtu anayependa hadithi yenye mwanzo na mwisho ataachia njiani. Na maelekezo yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo ukiwa na mtoto wa shule ya msingi ujiandae kuwa mkalimani.

Uchache huo huo, hata hivyo, ndio uliotufanya tuongee. Kwenye ramani za miji kila mtu anakwenda njia yake na kukutana naye ni bahati. Hapa ukitaka maji unamwambia mwenzako alete ndoo. Ukitaka kupanua kisiwa kwa udongo unaomba ruhusa. Tuliwahi kununiana siku nzima kwa ajili ya bloku sita. Umeme ulikatika jioni moja, na laptopu yangu betri imekufa zamani, bila waya haiwaki, kwa hiyo nikapotea hewani. Yake ikaendelea, na dunia ilikuwa imehifadhiwa kwake. Saa mbili baadaye niliporudi nikakuta mbao zetu zote zimekuwa nyumba. Nyumba ya ghorofa, isiyo na mlango, kwa sababu mbao ziliisha kabla ya mlango.

Kucheza wawili kwa njia hiyo ni rahisi, nisisahau kusema. Mmoja anafungua dunia, anaifungulia mtandao wa nyumbani kupitia ruta, mwingine anaiona kwenye orodha na kuingia. Kila mmoja awe na akaunti yake. Bando linaliwa kiasi kidogo sana.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tusiingie SkyBlock ya Hypixel, seva ya mtandaoni ya Minecraft, iliyoanza 2019 na yenye wachezaji wengi kupita kiasi. Nimeijaribu na si mbaya, ila ni gemu nyingine iliyochukua jina. Kule kuna soko, mnada, silaha za ajabu, ngazi za kupanda mwaka mzima, na watu wasiokujua wanaopita mbio. Kisiwa unacho, lakini hakuna anayekihesabia udongo. Kama unatafuta hivyo nenda. Kwa ndugu wawili na ruta moja, ile ya 2011 inatosha na kubaki.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameikata yule zombi asiyetoa chuma.

Mdogo wangu amerudi bweni Januari, laptopu ya mjomba imebaki nyumbani. Juzi niliifungua ile dunia peke yangu nimalizie shamba la matikiti. Juu ya sanduku la pembeni ya mti nikakuta ameweka kibao: DADA USIGUSE NDOO. Mtaro wa shamba umekauka kwa sababu kuna mtu alichota maji upande usiostahili, na bila ndoo siwezi kuyarudisha. Nimekaa hapo ukingoni nimechuchumaa, Shift nimeibana. Shule zinafungwa Juni.